Wimbo Usipotoka: Michezo ya Kumsaidia Mtunzi wa Kwaya



Katika somo hili tumeonelea tuzungumze na watunzi wa nyimbo, ambao ni wachache katika parishi yetu ya Msangeni. Pamoja nao tunazungumza na wale wote wanaowategemea, yaani sisi sote tunaoketi kwenye mabenchi na kungoja kwaya isimame. Asiseme mtu, "Mimi si mtunzi, ukurasa huu haunihusu." Akisoma mpaka mwisho ataona kwamba sehemu ya kazi ni yake.

Jambo lenyewe ni hili. Sikukuu ya Mavuno inakaribia. Wanakwaya wamekwisha kumwuliza mtunzi wao mara tatu wimbo mpya uko wapi. Mtunzi anaketi na daftari, anaandika mshororo mmoja, anaukata. Anaandika mwingine, anaona unafanana na wimbo wa mwaka juzi, anaukata huo pia. Usiku wa tatu anafunga daftari na kusema karama imemwacha. Na kwaya, kwa kuwa haiwezi kusimama mbele ya watu na kunyamaza, inachukua wimbo kutoka kwenye simu. Ni wimbo mzuri, umetungwa na watu wa mjini, una kinanda cha umeme, na unasema habari za mjini.

Hatusemi kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Lakini hebu tujiulize: katika nyimbo tulizoimba mwaka huu, ni ngapi zilizotaja ukungu wetu wa asubuhi, au migomba, au vijana wetu walioshuka kwenda Dar es Salaam na wazazi wao wanaongoja simu zao? Ni ngapi zilizotaja mvua iliyochelewa? Watu wasioimba mambo yao wenyewe mbele za Mungu huishia kusali kwa maneno ya kuazima, na hatimaye hudhani kwamba mambo yao hayafai kuletwa kanisani. Hilo ndilo linalotusumbua. Kama ni burudani tu, simu inatosha.

KUKWAMA NI NINI

Sisi tuliofundisha watoto, na baadaye tukawafundisha walimu chuoni, tumeliona jambo hili katika somo la insha. Mpe mwanafunzi karatasi tupu umwambie, "Andika juu ya lolote ulipendalo." Atatafuna kalamu nusu saa nzima. Mwambie yule yule aandike sentensi kumi juu ya kiatu cha babu yake, na kila sentensi ianze kwa neno tofauti, na ulimi usitumie neno "kizuri". Kalamu inakimbia. Kabla ya kengele atakuwa amefika safari ambazo babu alikwenda na kiatu hicho, na deni la kiatu lenyewe, na siku kilipopotea mtoni. Uwanja mpana mno humtisha mtu. Ukimwekea mpaka mdogo anaanza kucheza.

Mtunzi aliyekwama aghalabu hana upungufu wa karama. Anachokosa ni udogo wa kazi. Anataka wimbo mzima, wenye beti nne, sauti nne, mafundisho sahihi na tuni ya kuliza watu, utoke kichwani mwake usiku mmoja ukiwa umekamilika. Tena anaandika kwa mkono mmoja na kusahihisha kwa mkono wa pili kwa wakati ule ule. Hakuna mwalimu anayesahihisha daftari ambalo mwanafunzi hajaliandika bado.

Wazee wetu wa Upare waliyafahamu maji vizuri kuliko sisi tunavyofahamu nyimbo. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Ukikiachia kiteremke moja kwa moja kwenda shambani, mchanga hukinywa kabla hakijafika kwenye mgomba wa kwanza. Kwa hiyo walijenga ndiva. Kijito kiliingia ndivani usiku kucha, taratibu, bila kelele, na asubuhi walipofungua, maji yalitoka kwa nguvu na kuufuata mfereji mpaka mwisho wa zamu. Michezo tutakayoieleza hapa ni ya kujaza ndiva. Inampa mtunzi maneno mengi, mengine mazuri na mengine ya ovyo, bila kuyahukumu. Kuchagua ni kazi ya asubuhi.

JE, YAFAA KUCHEZA NA MANENO MATAKATIFU?

Swali hili tumeulizwa na mzee mmoja wa kanisa, na ni swali la haki. Tunajibu kwa kufungua Zaburi.

Zaburi ya 119 ina mistari 176, na hesabu hiyo haikutokea kwa bahati. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Mtunzi aliipa kila herufi mistari 8, na mistari yote 8 ya kila fungu huanza kwa herufi ile ile moja. Zidisha 22 kwa 8 uone. Zaburi ya 25, ya 34 na ya 145 nazo hufuata alfabeti kwa njia yake. Hata kitabu cha Maombolezo, kilichoandikwa kuulilia mji wa Yerusalemu baada ya kuteketezwa na Wababeli, sura zake nne za kwanza zimefuata herufi. Mtu aliyekuwa akilia aliona inafaa ashike kamba ya alfabeti, hatua kwa hatua, asianguke. Tafsiri ya Kiswahili haiwezi kutuonyesha mpango huu, kwa maana herufi za Kiebrania si zetu, lakini upo. Na washairi wa pwani yetu walifanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa alfabeti ya Kiarabu, ubeti kwa kila herufi.

Basi mchezo wa kwanza ni wa herufi. Chukua jina la mahali au la jambo unalotaka kuimba, liandike wima ukingoni mwa karatasi, na kila herufi ianzishe mshororo. Usiruke herufi, usifute. Weka mizani 8 kwa kila mshororo ili usitawanyike. Tulilijaribu jina la Msangeni, lenye herufi 8, tukiwa na Sikukuu ya Mavuno moyoni, tukapata hivi:

Milima yetu ya Pare,
Si jasho letu pekee,
Aliyetupa ni Mungu,
Ndizi, kahawa, mahindi,
Ghala limejaa tena,
Enyi wake kwa waume,
Njooni tumshukuru,
Imbeni kwa moyo wote.

Sasa tuusahihishe kama walimu. Hauna vina, Sheikh Amri Abedi, aliyechapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, asingeuita shairi. Mshororo wa kwanza unaning'inia, kwa kuwa haujasema hiyo milima imefanya nini. Mishororo miwili ya mwisho mmekwisha kuisikia katika nyimbo hamsini. Lakini tazameni mshororo wa pili. Herufi S ilitulazimisha, tukaanza na neno "si", ambalo tusingelichagua kwa hiari yetu, na neno hilo dogo likaleta fikira nzima: mkulima amelima, jasho ni lake kweli, wala Mungu halidharau, lakini jasho peke yake halioti. Hapo pana wimbo. Mtunzi aitupe mishororo saba, auchukue huo mmoja uwe kiitikio, na beti zitaje majasho mbalimbali: jasho la jembe, jasho la kubeba mkungu wa ndizi kupanda mlima, jasho la mama jikoni, jasho la mwanafunzi chumba cha mtihani. Mchezo mzima ukikupa mshororo mmoja wa namna hiyo umekulipa.

KITENDAWILI NA KUJIBIZANA

Mchezo wa pili kila mtu ameucheza utotoni. Kijana mmoja hapa kwetu alitutegea hiki: "Usiku hunywa, asubuhi hutapika, na shamba hushiba." Tukampa mji. Jibu, bila shaka, ni ndiva. Neno "hutapika" halifai kuimbwa madhabahuni, na tulimwambia hivyo, lakini namna yake ya kutazama ni ya mtunzi.

Mtunzi aandike ubeti unaoeleza kitu bila kukitaja, na kwaya ikitaje katika kiitikio. Aeleze chumvi, au mlango, au taa ya kibatari, au mbegu, mambo ambayo Bwana Yesu mwenyewe aliyatumia. Ukikatazwa kutaja neno "mbegu", huwezi kutegemea maneno yaliyozoeleka. Unalazimika kukumbuka jinsi mbegu ilivyo kiganjani, nyepesi, ngumu, kama kitu kilichokufa. Nao wasikilizaji wanakuwa macho, maana kila mmoja anataka kujibu kabla ya kwaya.

Kujibizana ni ndugu yake kitendawili. Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi wa Ugogo, ndiye aliyezipa ngonjera nguvu mpya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wanafunzi walisimama wawili wawili mbele ya wazazi, mmoja akishikilia upande wake na wa pili upande wake, mpaka mmoja akubali. Wengi wetu tulizikariri. Zilikuwa ndefu, na si zote zilizokuwa na ladha, lakini namna yenyewe ni dawa ya mtunzi aliyekwama, kwa sababu ukishasema neno moja unadaiwa jibu, na jibu linadai neno lingine. Ndivyo ilivyo hata katika msaragambo: anayeanzisha hatungi wimbo mzima, anatupa neno, na wenye majembe wanalirudisha.

Watu wawili waliokuwa wakipukuchua mahindi walijaribu mchezo huu kwa habari ya mwana mpotevu. Mmoja alikuwa kaka mkubwa, mwingine baba. Sharti lilikuwa kwamba hakuna kushauriana, kila mmoja ajibu kabla gunzi alilonalo mkononi halijaisha. Walianza hivi:

– Shamba nililima mimi.
– Na chakula ulikula.
– Ndama hukunichinjia.
– Zizi lote ni la nani?

Hapo kaka mkubwa alikosa la kusema, akachukua gunzi lingine. Sisi tulivutiwa sana. Katika nyimbo nyingi za mwana mpotevu anayeimbwa ni yule aliyeondoka. Lakini hapa kwetu milimani, wengi wanaokuja ibadani ni wale waliobaki: wanaotunza wazazi, wanaolima kihamba, na ambao Desemba humwona mdogo wao akipanda na gari kutoka mjini, na kuku wote wakachinjwa. Wimbo wa kaka aliyebaki ungewagusa watu wengi mno katika parishi hii, na swali la baba, "Zizi lote ni la nani?", linafaa kuwa kiitikio bila kuongezewa kitu. Tunawaomba watu hao wawili waumalize. Wasipomaliza, mwingine aumalize.

Na jambo hilo la kumaliziwa lisimwonee mtu haya. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake sisi Watanzania tunaiimba katika wimbo wetu wa taifa. Aliandika ubeti wa kwanza na kiitikio. Beti nyingine saba ziliongezwa baadaye na mshairi Samuel Mqhayi. Sontonga alifariki mwaka 1905, hajui kwamba wimbo wake ungekuwa wimbo wa mataifa. Ubeti mmoja na kiitikio vilitosha kuanzia.

MTUNZI ANAYEKWAMA KWENYE TUNI

Wapo wanaopata maneno lakini sauti haiji, au kila sauti inayokuja ni ile ya zamani. Kwao tuna michezo miwili.

Wa kwanza ni wa tarakimu. Kwaya zetu zinasoma solfa, ambayo Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, aliipanga kwa ajili ya watoto, na mchungaji John Curwen akaieneza katika karne ya 19. Zipe noti namba: d ni 1, r ni 2, m ni 3, f ni 4, s ni 5, l ni 6, t ni 7. Namba 8 ni d ya juu, 9 ni r ya juu, na sifuri ni kunyamaza. Kisha chukua namba yoyote. Zaburi ya 126, mstari wa 5, ambao unasema juu ya wapandao kwa machozi, inakupa 1, 2, 6, 5, yaani d r l s. Iimbeni polepole. Kuruka kutoka r mpaka l kuna uchungu fulani, na s inautuliza. Hatusemi kwamba Zaburi imeficha tuni ndani ya namba zake. Huo ungekuwa upuuzi. Tunasema kwamba koo lililozoea njia moja limepitishwa njia ambayo lisingeichagua. Namba za simu nazo hufaa, na vijana huzipenda zaidi.

Wa pili ni kuanza na tuni ya asili. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, wa Kanisa la Kilutheri, aliandika maneno ya Pasaka kwa kufuata tuni ya Wahaya, na wimbo huo wa "Mfurahini, Haleluya" sasa unaimbwa Ulaya na Marekani kwa lugha zao. Tuni haikutungwa upya, ilikuwapo kijijini. Je, tuni za kubembelezea watoto kwa Kigweno na Chasu zimekwenda wapi? Bibi zetu wanazo. Mtunzi aende akaketi kwa bibi jioni moja, amwombe amwimbie, na aimbe naye bila maneno, kwa "la la" tu, mpaka aizoee. Maneno yatafuata mapigo.

Hapa tunaomba ruhusa tutoke njiani kidogo, maana ualimu hauishi mwilini. Neno la Kiswahili hupigwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "barabara" ukikaza silabi ya tatu, ni njia ya magari. Kaza ya pili, maana yake ni sawasawa. Nyimbo nyingi tulizotafsiriwa kutoka Ulaya huangusha pigo zito mahali pasipo na mkazo, na sisi tumezoea kiasi kwamba hatusikii tena. Mtunzi wa leo hana sababu ya kurudia kosa hilo. Kabla ya kuweka noti, asome maneno yake kwa sauti huku akipiga kofi kila penye mkazo. Makofi hayo ni nusu ya tuni.

HARAKA NA HUKUMU

Kuna mchezo wa muda pia. Weka sufuria ya maji ya chai jikoni, andika mpaka yachemke, kisha simama. Si zaidi. Jumamosi kabla ya Pentekoste mwaka 1819, Reginald Heber, kasisi wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Calcutta, alikuwa katika mji wa Wrexham kwa baba mkwe wake. Kesho yake kulikuwa na sadaka ya misheni, na mkwewe akamwomba wimbo wa kuimbwa. Heber alijitenga pembeni ya chumba na baada ya muda mfupi akarudi na beti. Wimbo ulienea ulimwenguni kote kwa zaidi ya miaka mia. Lakini ulikuwa na maneno ya kuwadharau watu wa mataifa mengine, na kwa sababu hiyo makanisa mengi yameuacha. Tumelitaja jambo hili kusudi mtunzi asidhani kwamba kilichotoka kwa haraka kimetoka mbinguni. Kikishatoka, kilale. Baada ya juma moja akisome tena, ampe Kasisi akitazame, awasomee watu wawili wasiomwogopa.

KUNYAMAZA KWA NAMNA NYINGINE

Tumekwisha kusema juu ya kukwama. Lakini si kila mtunzi aliyenyamaza amekwama. Mwingine ana msiba. Mwingine ni mgonjwa rohoni, anaamka usiku na hana furaha ya kitu chochote. Huyo usimwendee na karatasi na namba za simu. Zaburi ya 137 inawakumbuka watu walioangika vinubi vyao mitini kando ya mito ya Babeli, kwa sababu waliotaka waimbe walikuwa hawajui walichokuwa wakikiomba.

Mfano ulio wazi zaidi tunaoujua ni wa John Newton na rafiki yake William Cowper. Newton alikuwa kasisi wa Olney, mji mdogo wa Uingereza, na wote wawili walitunga nyimbo kwa ajili ya mikutano ya sala ya kila juma ya watu wa kawaida wa mji ule. Wimbo wa Newton unaojulikana kuliko zote, "Amazing Grace", ulitumika kwa ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773. Mwezi ule ule Cowper alishikwa na ugonjwa mzito wa huzuni, na tangu hapo hakutunga tena nyimbo za kanisa kama mwanzo. Newton alimchukua nyumbani kwake, akamtunza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba na yeye alikitundika kinubi chake, hakutaka kuendelea bila mwenzake. Kitabu chao kilitoka mwaka 1779, kina nyimbo 348, na zaidi ya 60 ni za Cowper.

Je, Cowper alirudi kuandika? Alirudi, na njia aliyorudia ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Jirani yake mmoja, Lady Austen, mwanamke mchangamfu, alikuwa akimhimiza aandike shairi refu. Cowper akasema hana la kuandika. Yule mama akamwambia kwa mzaha aandike juu ya kiti alichokuwa amekalia yeye, yaani sofa. Cowper akakubali mchezo. Akaanza na historia ya viti, kutoka kigoda cha miguu mitatu mpaka sofa, akaendelea na matembezi ya mashambani, akafika kwenye majira ya baridi, magereza, na utumwa wa Waafrika, ambao aliulaani waziwazi. Shairi hilo, "The Task", lilichapishwa mwaka 1785, likiwa na vitabu sita na mistari inayokaribia elfu tano. Jina lake maana yake ni kazi mtu aliyopewa.

Tazameni basi ni nani aliyemfungua. Cowper hakujifungua mwenyewe. Jirani alimpa kitu kidogo, kilichokuwamo chumbani, akacheka naye, akamwachia. Tena alifanya hivyo baada ya miaka mingi ya kutunzwa, si siku ya msiba.

ZOEZI KWA PARISHI NZIMA

Sasa zamu ni ya wale waliosema kwamba ukurasa huu hauwahusu.

Mwaka 1757 mwanamuziki Kirnberger wa Berlin alichapisha mchezo wa kutungia muziki wa dansi kwa kurusha kete: namba inayotoka inakwambia kipande gani cha muziki kifuate. Sisi hatutahitaji kete. Mlangoni mwa kanisa pamewekwa kikapu. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aandike kwenye kipande cha karatasi jina la kitu kimoja kilichomo nyumbani kwake au shambani kwake, akitumbukize. Asiandike neno la dini. Tukikuta "neema" au "wokovu" tutairudisha. Tunataka kinu, ndoo iliyotoboka, kiti cha marehemu baba, sare ya shule, panga, picha ya arusi, mkeka, redio isiyofanya kazi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto amwandikie. Majina yenu msiandike.

Jumapili inayofuata mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili atachota karatasi tatu na kumpa mtunzi mbele yetu sote. Mtunzi atachagua moja katika hizo tatu, nyingine mbili azirudishe kikapuni, na atakuwa na siku sita za kutunga ubeti mmoja na kiitikio. Si wimbo mzima. Akitaka herufi atumie herufi, akitaka kitendawili atumie kitendawili. Kwaya itausikia ubeti huo kwenye mazoezi, na anayetaka kuongeza wa pili anakaribishwa, hata kama si mwanakwaya.

Tunaomba karatasi ziwe zimekunjwa mara mbili, na mwandiko usomeke.